Dereva Asiyeruhusiwa Kuugua

Ipo nchi, na msomaji asijisumbue kuitafuta katika ramani za shule, ambayo Serikali yake huwapenda madereva wa malori ya masafa marefu kuliko inavyoipenda barabara wanayopita. Kwa mapenzi hayo iliundwa Wizara ya Uelewa. Wizara ya Afya ilikuwapo tangu zamani, lakini wakubwa waliona kwamba ugonjwa ni jambo moja na kuujua ugonjwa ni jambo lingine, na kwamba si adabu mambo mawili yenye heshima kubanana katika ofisi moja. Basi Afya ikaachiwa dawa, Uelewa ikapewa mabango, nazo wizara hizo mbili hazikusalimiana tena.

Mpakani Kisikili, mahali ambapo malori husubiri mizani kabla ya kuvuka, palikuwa na kliniki ya madereva, nyumba ya matofali yenye chumba kimoja na kabati moja la dawa. Kliniki hiyo ilikuwa ya Afya. Lakini ukuta wake wa mashariki ulielekea barabarani, nao ulikuwa ukuta mzuri sana kwa bango. Kwa sababu hiyo jengo zima, pamoja na kabati lake, likahamishiwa Uelewa. Muuguzi wa pale, Skolastika Ndimbo, aliarifiwa kwa barua yenye muhuri kwamba yeye sasa ni kiambatisho cha ukuta.

*

Kazi ya kwanza ya Wizara ilikuwa kipeperushi. Kiliandikwa na kamati ya watu ishirini na mmoja, walioketi miezi saba katika hoteli ya ziwani. Kwa kuwa ugonjwa wenyewe ulikuwa haujazinduliwa na Waziri, kamati haikuruhusiwa kuutaja kwa jina. Kipeperushi kilipotoka kilisema hivi: "Ndugu Dereva, epuka mazingira yanayoweza kusababisha hali isiyotarajiwa. Chukua hatua stahiki."

Shomari Kipanga, dereva wa lori la saruji, mtu ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alikisoma kwa sauti mbele ya kibanda cha chakula.

"Hii ni habari ya breki," alisema.

"Breki wapi, suka!" mwenzake akamkatiza, kwa jina ambalo madereva huitana. "Hali isiyotarajiwa ni pancha. Breki unaitarajia siku zote, kwa gari lile lako."

"Mama Tumsifu, wewe uliyesoma kwa masista, tutafsirie," alisema Shomari.

Mama Tumsifu, mwenye kibanda, akakichukua, akakigeuza pande zote mbili, akakipima unene kwa vidole.

"Karatasi nzuri," alisema. "Haivuji mafuta." Akafungia chapati mbili.

Serikali haikuishia hapo. Kila lori lilipewa maboksi sita ya vipeperushi, ili hata mataifa jirani yapate kuelewa. Sasa, ni desturi ya wenye malori kupakia shehena hadi kilo ya mwisho inayoruhusiwa na sheria. Maboksi sita yakayazidisha malori yote uzito. Yalipopanda mizani yalirudishwa nyuma. Na kwa kuwa vipeperushi ni mali ya Serikali, dereva hakuweza kuvishusha bila barua ya Wizara. Foleni ambayo zamani ilikuwa ya siku mbili ikawa ya siku tisa. Mtu aliyekaa siku tisa mpakani, mbali na mke wake, hana kazi ya kufanya, hana kitanda ila kiti cha lori, na muziki unapigwa hatua ishirini kutoka alipo, hujikuta katika yale mazingira yaliyotajwa na kipeperushi. Nyumba za wageni za Kisikili zikaongezeka kutoka nne hadi kumi na tisa. Wizara ilipopata taarifa hiyo ilisikitika sana, ikaagiza kila lori liongezewe maboksi mawili.

Kondomu zilikuwapo pia, sitaki kusema uongo. Zilipangwa vizuri ndani ya sanduku la kioo lenye kufuli, zikisubiri maonyesho ya siku ya uzinduzi, na juu yake kibandiko: "Usiguse."

*

Katika foleni ile alikuwamo Anselmi Luhwago, mtu wa miaka arobaini na saba, aliyeendesha lori peke yake kwa miaka ishirini na miwili. Mwaka ule ulikuwa wa tisa tangu aanze kuishi na virusi vya UKIMWI. Kila siku saa moja asubuhi, kabla ya kuwasha injini, alimeza kidonge kimoja cha kufubaza virusi, na hakuwahi kuruka hata siku moja. Hakunywa pombe. Alilala mapema na mlango wa lori ameufunga. Mke wake Editha alijua, na mtoto wao wa mwisho, aliyezaliwa baada ya dawa kuanza, alipimwa mara tatu akakutwa hana kitu. Zaidi ya hao, aliyejua ni muuguzi Skolastika na daftari lake. Kwa utii huo Anselmi alikuwa amejaa mashavu, macho yake meupe, ngozi yake ina afya. Kama ungewapanga madereva wote wa Kisikili ukatafuta mtu mzima asiye na shaka, ungemshika yeye mkono.

Ndivyo alivyofanya Dakta Fulgensi Rwebogora, Mkurugenzi wa Nyuso na Kaulimbiu, aliyeupata udaktari wake kwa utafiti mrefu juu ya rangi ya njano. Alipita katika foleni na wasaidizi wanne, akawachungulia madereva mashavu kama mtu achaguaye mbuzi wa harusi, akasimama mbele ya Anselmi.

"Huyu," alisema.

"Mheshimiwa, tumpime kwanza?" msaidizi mmoja aliuliza.

"Tumpime nini? Mimi sina macho?"

Anselmi aliambiwa kwamba picha ni ya leseni mpya. Akavua kofia, akatabasamu kwa heshima, kisha foleni iliposogea akavuka mpaka na shehena yake.

Wiki tano baadaye, katika safari iliyofuata, alipokuwa akielekea tena Kisikili, alijiona. Alijiona penye daraja, akajiona penye kituo cha mafuta, na baada ya hapo akajiona kila kilomita kumi: uso wake, ukubwa wa mlango wa ghala, juu ya rangi ya njano, na chini yake maneno: HUYU HANA. WEWE JE?

Aliposimamisha lori kwenye foleni, Shomari alikuwa akimsubiri amepiga magoti katikati ya barabara.

"Mtakatifu Anselmi, utuombee!"

"Inuka, Shomari. Unachafua suruali."

"Siinuki. Mke wangu ameliona bango, ananiuliza kwa nini mimi sifanani na wewe. Nimjibu nini?"

"Mwambie akupikie mboga za majani."

Madereva wakacheka. Anselmi naye alicheka, kisha akapanda ndani ya lori, akafunga vioo, akakaa muda mrefu na mikono juu ya usukani wa gari lililozimwa.

*

Siku hiyo hiyo, Jumatatu, alikwenda kliniki. Alipita chini ya uso wake mwenyewe, akaingia, akaiweka chupa ya dawa mezani.

"Dada Skolastika, vimebaki vitatu. Foleni ya safari iliyopita imenila."

Muuguzi hakwenda kabatini. Alisema, "Kaa kwanza, kaka," akafungua daftari la wagonjwa, akaligeuza ili Anselmi asome. Jina lake lilikuwa limepigwa mstari mwekundu kwa rula. Pembeni palikuwa na muhuri na maneno: "Mhusika hana. Rejea bango."

"Nani kafuta?"

"Watu wa Uelewa walikuja na barua. Chupa hutoka kwa jina, kaka Anselmi. Jina likifutwa, chupa inarudi kwao. Ufunguo wa kabati wanao wao, wanafungua mbele yangu na kuhesabu kila kidonge."

"Basi niandikie uhamisho, nikachukue kliniki nyingine."

"Uhamisho unaandikwa kutoka daftari hili. Nimhamishe nani?"

"Mimi hapa."

"Nakuona," alisema Skolastika. Upande wa pili wa ukuta aliouegemea, mtu yule yule alikuwa akitazama barabara kwa furaha.

Yafaa ieleweke kwamba Anselmi hakuweza hata kupanda basi arudi kwao. Shehena yake ilikuwa ya nchi jirani, imefungwa kwa lakiri ya forodha, na dereva anayeiacha shehena yenye lakiri huhesabiwa mwizi. Tena Wizara ilikwisha kutoa amri kwamba uso usiondoke Kisikili kabla ya Jumamosi, siku ambayo Waziri angekuja kuzindua ugonjwa.

*

Dakta Rwebogora alimpokea Jumanne katika hema lenye feni mbili. Alifurahi sana kumwona, akamsimamisha karibu na bango apate kulinganisha.

"Mheshimiwa Mkurugenzi," alisema Anselmi, "mimi ninao."

"Una nini?"

"UKIMWI. Ninaishi na virusi mwaka wa tisa sasa."

Dakta alitazama mlango wa hema kwanza. "Neno hilo halijazinduliwa," alisema kwa sauti ya chini. "Na pili, haiwezekani. Nimekwisha kuchapisha nakala elfu nane."

"Damu yangu haijui idadi ya nakala, Mheshimiwa."

"Mashavu haya je? Mwili huu?"

"Ni wa dawa. Mtu akimeza kila siku bila kuruka, virusi vinapungua hata kipimo hakivioni, wala hamwambukizi mkewe. Nina mtoto mzima kabisa. Hilo ndilo mngeliandika pale, badala ya kusema sina."

Dakta Rwebogora aliyafikiria maneno hayo kwa uaminifu. "Ni marefu mno," alisema. "Bango husomwa na mtu aliye katika mwendo wa kilomita themanini kwa saa."

"Lori langu halijasogea tangu jana."

"Sikiliza, ndugu yangu. Serikali si katili. Rufaa ipo." Akatoa fomu yenye kurasa sita. "Unaacha dawa. Ukikonda kiasi cha kutofanana tena na picha, unaleta fomu hii, kamati inakutazama, na ikiridhika unarudishwa kwenye daftari. Kamati hukaa kila baada ya miezi mitatu."

"Mheshimiwa, nikifika hapo nitakuwa ninakufa."

"Ndiyo," alisema Dakta kwa upole. "Itakuwa ni ushahidi mzuri."

Anselmi hakuichukua fomu. Alitoka nje, akarudi kwenye foleni.

Jumatano alimeza. Alhamisi alimeza cha mwisho. Ijumaa, saa moja asubuhi ilipofika, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye chupa, ukafungua kifuniko, ukainamisha. Hakikudondoka kitu. Akaketi na kikombe cha maji mkononi, hajui ayafanye nini. Mwishowe akayanywa maji matupu, kwa saa ile ile, kwa kuwa alifundishwa kutokosa saa.

*

Jumamosi Waziri aliwasili na magari kumi na manne. Jukwaa lilikuwa tela la lori lililofunikwa zulia. Kikundi cha maigizo kilikuwa kimeletwa kutoka mji mkuu na ngoma zake, na masanduku yake ya kofia na masharubu ya bandia. Madereva mia tatu walisimama juani. Skolastika aliamriwa asimame mbele ya ukuta, kwa kuwa aliambatishwa nao.

"Ndugu zangu madereva," alisema Waziri, "ninyi ni mishipa ya uchumi wetu, na mshipa wa uchumi haupaswi kulala katika nyumba ya wageni! Serikali yenu imetafakari kwa kina. Imetafakari kwa upana. Sasa, kwa mamlaka niliyopewa, natangaza rasmi ya kwamba ile Hali Isiyotarajiwa inaitwa UKIMWI."

Makofi yakapigwa. Utepe ukakatwa.

"Kuanzia leo," akaendelea, "mnaruhusiwa kuwa na uelewa. Aliyekuwa nao kabla ya leo bila kibali amesamehewa."

Ndipo Dakta Rwebogora akampandisha Anselmi, akampa kipaza sauti. Sentensi yake ilikuwa moja, nayo alikuwa amefundishwa tangu alfajiri: "Mimi sina, kwa sababu nilisoma kipeperushi."

Anselmi alikitazama kipaza sauti. Aliwatazama madereva, watu aliokula nao ugali kandokando ya magurudumu kwa miaka ishirini na miwili, na ambao hajapata kuwaambia.

"Mimi ninao," alisema.

Madereva waliokuwa nyuma wakasogea karibu na tela.

"Ninao mwaka wa tisa. Mnaniona mzima kwa ajili ya dawa, wala hakuna sababu nyingine. Wamenifuta kwenye daftari kwa sababu ya picha ile. Kidonge changu cha mwisho nilikimeza juzi. Leo ni siku ya pili sijameza. Jamani, ninaogopa. Sitaki kufa kwa ajili ya bango."

Alilia. Hakujificha uso, machozi yalimwagika mbele ya watu wote. Na Waziri, ambaye ni mtu mwenye moyo laini, naye akatoa leso.

Dakta Rwebogora alisimama akiwa amegeuka rangi, akafikiri kwa kasi ambayo ilikuwa haijapata kuonekana katika Wizara ile, akaanza kupiga makofi.

"Igizo!" alipaza sauti. "Mheshimiwa Waziri, ni igizo! Hili ni igizo la dereva asiyesoma kipeperushi!"

"Loh!" alisema Waziri huku akijifuta. "Mimi nimelia kweli!"

Skolastika akauacha ukuta, akaja hadi chini ya tela. "Mheshimiwa, haigizi," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa dawa. Haigizi hata kidogo."

"Na wewe pia unaigiza vizuri, binti yangu," alisema Waziri. Akampa Anselmi cheti cha Mwigizaji Bora, akampa mkono, akaelekea garini. Saa tisa alikuwa na uzinduzi mwingine.

*

Madereva wa Kisikili wanayo desturi ambayo haijaandikwa popote. Mwenzao akipatwa na jambo kwenye foleni, awe mgonjwa au awe amekufa, lori lake halipitwi. Hakuna asogeaye mpaka yeye asogee kwanza, au asogezwe.

Shomari Kipanga hakusema neno. Hilo peke yake liliwashtua wengi. Alikwenda kwenye lori lake la saruji, akalisogeza hadi likaziba njia, akazima injini, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Kisha akaja akasimama karibu na Anselmi, bila kujua amshike wapi. Akaishia kumshika kola ya shati, akainyoosha.

"Kwa hiyo miaka yote hii unafunga milango na vioo," alisema, "mimi nadhani una maringo."

"Nilikuwa nameza."

"Pumbavu wewe," alisema Shomari. "Ungeniambia nikuletee maji."

La pili likazimwa, na la tatu, na kwa dakika kumi malori yote mia tatu yakanyamaza, na magari kumi na manne ya Waziri yakiwa katikati. Polisi walipokuja kuuliza, kila dereva alijibu maneno yale yale: "Mwenzetu hajahudumiwa. Hapitwi mtu." Mama Tumsifu akasogeza jiko lake barabarani. Saa saba ikapita, saa nane ikakaribia. Waziri akamwita Dakta Rwebogora dirishani.

"Mpe hizo dawa," alisema.

"Mheshimiwa, akipewa dawa ni mgonjwa. Akiwa mgonjwa, mabango elfu nane yamesema uongo, na uzinduzi wako wa leo pia."

"Basi asiwe mgonjwa. Lakini mpe."

Dakta Rwebogora alizunguka gari mara mbili. Mara ya tatu uso wake uling'aa. Akaagiza kabati lifunguliwe, kisha akaagiza liletwe Daftari la Vifaa vya Maigizo, na Skolastika, mwenye mwandiko mzuri, akapewa kalamu. Chini ya mstari wa ngoma mbili, na mstari wa masharubu ya bandia jozi nne, aliandika alivyosomewa: "Chupa moja yenye vidonge thelathini, kwa matumizi ya mwigizaji A. Luhwago. Virudishwe vikiwa kamili baada ya onyesho."

"Weka sahihi," alisema Dakta.

Anselmi alisoma mstari ule mara mbili. "Nitavirudishaje kamili? Mimi nitavimeza."

Skolastika hakuinua macho kutoka daftarini. "Ukivimeza," alisema taratibu, "basi onyesho bado halijaisha."

"Naam," Dakta alikubali, akafurahishwa na jibu hilo. "Na mwezi ujao ukihitaji vingine, utakuja uigize tena. Hapa hapa, mbele ya madereva. Ila ujitahidi, ndugu yangu. Mara ya pili watu hawalii upesi."

Anselmi aliwatazama wote wawili. Akaichukua kalamu, akatia sahihi, akaifungua chupa, akatoa kidonge kimoja, na Shomari akamshikia kikombe cha maji. Akameza. Madereva waliokuwa karibu walivua kofia, sijui ni kwa nini.

Waziri akashusha kioo. "Ameshameza?" aliuliza. "Mimi sikuona. Arudie."

Vilikuwa vimebaki ishirini na tisa, na mwezi ulikuwa na siku zake, hakikuwapo cha kupoteza. Anselmi alipeleka mkono mtupu kinywani, akainua kichwa, akameza mate, akatabasamu kama alivyotabasamu ukutani. Hilo ndilo igizo la pekee alilolifanya siku ile, na Waziri ndiye peke yake aliyelipigia makofi.